Dada wa Saiba na Pasipoti ya Utotoni

Kabla mwombaji hajafika penye jina wala tarehe ya kuzaliwa, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, humtaka aseme kwanza anatafuta nini: pasipoti ya mara ya kwanza, au kubadilishiwa aliyokuwa nayo. Kijana wa miaka kumi na tisa haoni la kuwaza hapo. Ya kwanza. Kitambulisho chenyewe amekipokea juzi, laini ya simu yenye jina lake ana nayo miezi tu. Itakuwaje pasipoti isiwe ya kwanza? Mtu wa saiba, duka la huduma za intaneti, akiwa na pupa atabonyeza na kwenda mbele. Anayeijua kazi huondoa mkono kwenye kipanya akauliza: "Ulipokuwa mdogo, mama hakuwahi kusafiri nawe?"

Mombasa swali hilo huzaa majibu. Kuna aliyebebwa kwenda Umra akiwa na miaka minne. Kuna aliyepelekwa India kutibiwa moyo, na aliyekwenda Maskati kwa shangazi likizo moja ndefu asikumbuke chochote ila baridi ya ndani ya nyumba. Kuna ambaye babake alikuwa baharia, ikapangwa familia imfuate, zikatolewa pasipoti za watu wote na safari isifanyike. Watoto hawa hawakujaza kitu. Walipigwa picha wakiwa wameshikiliwa na mkono uliofichwa, wazazi wakatia sahihi, kitabu kikaingia kwenye sanduku la mama pamoja na cheti cha ndoa. Kijana anaposema hajawahi kuwa na pasipoti, hasemi uongo. Hajui tu.

Ila serikali inajua. Ombi likidai kuwa ni la kwanza ilhali kumbukumbu zina kitabu kilichotangulia, maelezo yatatakiwa kwenye dirisha la uhamiaji, na dirisha lenyewe liko kisiwani, ng'ambo ya maji. Kwa hivyo jibu la swali lile ndilo linalochagua njia. Kitabu kikipatikana, hata kama muda wake ulikwisha zamani, mtu ataomba kubadilishiwa na atakibeba. Kikiwa kimepotea, itabidi apite kituo cha polisi achukue abstrakti, na ada ya kitabu kilichopotea ni kubwa kuliko ya kawaida. Ndiyo sababu fundi mzuri yuko radhi kumrudisha mteja nyumbani bila kumtoza hata shilingi: "Kamuulize mama kwanza, mwanangu. Mwambie atazame chini kabisa ya sanduku."

Namwita fundi makusudi. Wengi wetu twaiona kazi ya saiba kuwa ni kupiga chapa, na kwa kuwa kila mtu siku hizi hupiga chapa kwenye simu yake, twaiona si kazi. Nimekaa sana kwenye saiba moja ya upande wa Mlaleo, Kisauni, nikingoja zamu yangu ya mambo mengine, na nimemtazama dada anayekaa pale mezani akishughulikia pasipoti. Upigaji chapa wake ni wa polepole. Mteja mgeni hudhani hajui. Lakini sehemu kubwa ya muda hata hagusi kibodi. Amezitandaza karatasi za mtu mezani, amezipanga safu moja, na anazisoma.

Kazi hii ina ukoo mrefu. Istanbul wamekuwepo arzuhalci, waandishi wa malalamiko na maombi waliokaa nje ya mahakama na mashine zao. Mji wa Mexico, chini ya nguzo za uwanja wa Santo Domingo, wamo wanaoitwa evangelistas, wanaomwandikia mtu barua ya mapenzi na barua ya kodi. Kwetu walikuwa wapiga taipu wa karibu na mahakama na posta, wazee wenye miwani na kaboni. eCitizen ilipokuja mwaka 2014, na hasa mwaka 2023 huduma kwa maelfu zilipohamishiwa humo na malipo yote kuelekezwa kwenye nambari moja, 222222, wengi walitabiri kuwa mwananchi atajihudumia mwenyewe na mtu wa katikati atatoweka. Kilichotokea ni kwamba saiba zimejaa kuanzia Shika Adabu hadi Bamburi Mwisho, Magongo hadi Mikindani. Ukurasa ukishawekwa kwenye skrini, bado anahitajika mtu anayejua ukurasa huo unamaanisha nini kwa maisha ya aliye mbele yake.

Tuchukue karatasi zenyewe. Tuseme msichana anaitwa Mwanaisha. Cheti chake cha kuzaliwa kiliandikwa na karani aliyesikia jina likitamkwa, naye akaandika Mwanaisha Mohamed, basi. Pasipoti ya utotoni ilifuata cheti: majina mawili. Kitambulisho, kilichokuja alipotimiza miaka kumi na minane, kinasema Mwanaesha Mohammed Said. Kipande cha baba, yaani kitambulisho chake, kinasema Muhamad Saidi. Nyumbani kwao hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona hilo kuwa jambo. Jina husikika kwa sikio, na kwa sikio yote ni sawa. Mbele ya afisa wa uhamiaji ni maswali mawili au matatu. Je, huyu wa kitambulisho ndiye yule wa cheti? Je, huyu mzee ndiye baba yake?

Dada wa Mlaleo huyasoma majina kutoka mwisho kurudi mwanzo. A, h, s, i, a. Nilimuuliza kwa nini, akasema kuwa jina analolijua macho yake huliruka. Jicho huona linachotarajia, na Mombasa, mji wa akina Mohamed wa kila aina, matarajio ni mengi. Akisoma kinyumenyume kila herufi inakuwa ngeni, na ngeni huonekana. Wasahihishaji wa magazeti wanaijua hila hiyo. Yeye hakufundishwa na mtu.

Akiona karatasi zinapingana, haendelei. Hapa ndipo wengi humkasirikia. Akaunti ya eCitizen hufunguliwa kwa nambari ya kitambulisho, na jina huja kama lilivyo katika sajili. Hakuna anachoweza kukiparura kwenye kibodi kikakubalika. Atamweleza mteja kuwa tofauti ya herufi huenda ikamalizwa kwa hati ya kiapo, kuwa jina lililozidi au kupungua laweza kutaka marekebisho ya cheti au ya kitambulisho chenyewe, na kuwa ni afadhali hayo yafanywe kabla pesa hazijatoka. Kijana aliyekuja na haraka ya kazi ya Qatar hapendi kusikia hivyo. Saiba ya jirani itamjazia kwa dakika kumi. Nimemwona akimwachia mteja aende.

Jina la ukoo ni mtihani mwingine. Fomu inalitaka, na Wapwani wengi hatuna. Kwa Wagiriama mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo Kazungu wa Karisa atamzaa Karisa wa Kazungu, naye Karisa huyo atamzaa Kazungu wa Karisa, na majina yataendelea kupokezana hivyo vizazi kwa vizazi. Kwa Waswahili jina la tatu ni la babu, na mama hana uhusiano nalo kabisa. Mgeni anayetaka kujua familia hii inaitwaje ataambiwa: inaitwa nani? Kitu kinachoangukia kwenye nafasi ya jina la ukoo, basi, mara nyingi ni jina la mzee aliyefariki kabla kijana hajazaliwa, na uwanja wa ndege wa Doha au Riyadh kijana ataitwa kwa jina hilo kwenye kipaza sauti, asiitike. Dada huwaonya. "Huko utakuwa Saidi. Wakiita Saidi, simama."

Kuna sababu ya kitaalamu ya kuhangaikia herufi hivi, na sidhani dada anaijua kwa maneno yake, ingawa mwenendo wake wote unaitii. Chini ya ukurasa wenye picha katika pasipoti yoyote mna mistari miwili inayosomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44, kwa kiwango cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Mstari wa kwanza huanza kwa P na alama za nchi, ambazo kwetu ni KEN, kisha zinabaki nafasi 39 za jina: la ukoo likitangulia, na mengine yakifuata. Mstari wa pili una nambari ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha muda. Kila moja ya hizo tatu hufuatwa na tarakimu ya ukaguzi: nambari huzidishwa kwa 7, kwa 3, kwa 1, kwa zamu, zikajumlishwa, jumla ikagawanywa kwa kumi, na kinachosalia kikaandikwa pembeni. Tarakimu moja ikikosewa, mashine hugundua papo hapo. Jina halina tarakimu kama hiyo. Hakuna hesabu duniani inayoweza kujua kama Mwanaesha ni kosa la Mwanaisha. Katika kitabu chote kile chenye chipu na alama za siri, kitu pekee kinacholinda jina ni mtu aliyekaa mbele ya kibodi, na kitabu hudumu miaka kumi.

Kitabu cha utotoni, kwa wengi wa umri huu, ni cha mtindo ule wa kale usio na chipu. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa Kenya tarehe 1 Septemba 2017, na baada ya kuongezewa muda mara nyingi, ile ya zamani iliwekewa ukomo wa tarehe 30 Novemba 2022. Kwa hiyo mama akikitoa sandukuni, hakitasafirisha mtu tena popote. Lakini dada hukishika kwa adabu. Hufungua ukurasa wa picha, akaweka kidole kwenye nambari, akainakili, halafu hutazama mihuri. Mara moja nilimwona akimwonyesha msichana muhuri wa kuingia Oman, na msichana akawa anajifunza pale mezani kwamba alikuwa na miaka mitatu na kwamba walikaa huko zaidi ya alivyoambiwa. Dada alinyamaza. Kuuliza mambo ya watu yasiyo kwenye fomu si kazi yake, na hilo nalo ni sehemu ya ufundi.

Si kila kijana ana sanduku la kufukua. Kuna familia za pwani ambazo vitambulisho viliwafikia juzijuzi. Wapemba walitambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023, baada ya vizazi kadhaa vya kuvua samaki na kulipa kodi za nyumba katika nchi isiyowahesabu. Kwa hao neno la "mara ya kwanza" ni la kweli kwa ukoo mzima. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inasema kila raia ana haki ya pasipoti ya Kenya. Dada huwajazia hao kwa mwendo uleule wa polepole, lakini nimemwona akiweka kando simu yake.

Picha hapigi yeye. Studio iko mlango wa pili, na kijana wa pale ana ufundi wake ambao nitaupitia haraka, maana wastahili makala yake. Ukuta ni mweupe kama inavyotakiwa, na shida ya kwanza ni kanzu: kijana akija na kanzu nyeupe na kofia nyeupe baada ya sala ya Ijumaa, kwenye picha hubaki uso unaoelea. Ndiyo maana msumarini pananing'inia koti jeusi ambalo limevaliwa na nusu ya Kisauni. Shida ya pili ni taa. Ukuta mweupe humfanya mtu mweusi awe mweusi zaidi kwenye kamera ya kawaida, basi husogeza kiti hatua mbili mbele ya ukuta na kuangazia uso peke yake. Kwa wanawake wa hijabu husubiri, na hugeuka upande, mpaka mwenyewe aseme yuko tayari.

Narudi mezani. Ada zilipanda mwaka 2024: kitabu cha kurasa 34 ni shilingi 7,500, cha 50 ni 9,500, cha 66 ni 12,500, na juu yake ada ya mtandao. Mteja wa kawaida huchagua cha bei ya chini bila kusita, na mara nyingi yuko sawa. Lakini dada huuliza safari ni ya namna gani. Anayekwenda Saudia kwa mkataba wa miaka miwili atagongewa mihuri michache tu. Kurasa 34 zamtosha na kubaki. Mama wa Likoni anayechukua bidhaa Tanga hupita Lungalunga na Horohoro kwenda na kurudi, mihuri kila upande, na kitabu chembamba kitajaa kabla ya miaka kumi kwisha. Kijana anayetarajia kufanya kazi kwenye meli za kitalii ni vivyo hivyo. Hawaambii wachague kipi. Huwapigia hesabu ya mihuri kwenye karatasi chakavu na kuwaacha.

Karatasi hiyo chakavu ina kazi nyingine ninayoipenda kuliko zote. Pasipoti ya utotoni ilitiwa sahihi na mzazi. Ya sasa inamtaka mwenyewe, na kijana wa miaka kumi na minane hana sahihi. Ana mchoro alioubuni siku ya kuchukuliwa kitambulisho, akausahau. Dada humwekea kitambulisho mbele, akampa kalamu, akamwambia aandike sahihi ile mara kumi, ishirini, hadi mkono uizoee na isitoke nje ya kisanduku. Wavulana huona haya. Wasichana hucheka. Anangoja.

Kuhusu mdhamini pia huuliza kwa njia yake. Anahitajika mtu anayemjua mwombaji, atakayetia sahihi na kutoa kopi ya kitambulisho. Vijana huja na majina makubwa: mwalimu mkuu, imamu, mjomba aliye na cheo bandarini. Dada huuliza jambo moja: "Huyo ukimpigia sasa hivi atapokea?" Wengi hufuta jina.

Kisha jambo ambalo wengine hawafanyi. Huizungusha skrini. Mteja hukaa upande wake wa meza, naye husimama nyuma, na mteja husoma fomu yote kwa sauti kutoka juu hadi chini kabla ya kulipa. Paswadi huandika mteja mwenyewe, dada akiwa ametazama barabarani. Pesa hutoka kwenye simu ya mteja mwenyewe kwa M-Pesa. Akimaliza hutoka kwenye akaunti, na skani za vitambulisho huzifuta kwenye kompyuta, hata zile za kwenye pipa la takataka la mashine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Sijui ni saiba ngapi huikumbuka. Najua za kutosha ambazo ukitafuta kwenye kompyuta yao utakuta vitambulisho vya mtaa mzima vimelala pale kama dagaa.

Hawaahidi tarehe. Mwaka 2023 mitambo ya kuchapisha Nairobi ilipokwama na maombi kurundikana, barabara zote za bara zilijaa watu waliojua mtu anayemjua mtu. Yeye alikuwa akiwapa wateja nambari yao ya ombi na kuwaonyesha jinsi ya kuifuatilia wenyewe. Alipoteza biashara mwaka ule.

Kitu cha mwisho anachokabidhi ni bahasha. Ofisi iko kisiwani, jengo la Uhuru na Kazi. Wa Likoni atavuka kwa feri, wa Kisauni kwa daraja la Nyali, wa Changamwe kwa Makupa, na kwa wote watatu karatasi moja ikisahauliwa ni siku iliyopotea na nauli mara mbili. Basi hupanga bahasha kwa utaratibu ambao afisa huuliza: fomu na risiti juu, asili za cheti na kitambulisho zikifuata, kila asili na kopi yake nyuma, kopi za wazazi, ya mdhamini, kitabu cha utotoni, picha kwenye kijibahasha chake. Hapigi pini. Wanaofanya kazi za mikono, wachonga mawe na wafuaji, huwashauri wapake mafuta vidole usiku kadhaa kabla ya siku ya alama, maana kidole kilicholika hakisomeki upesi.

Juzi alifika mama kijana wa Mtopanga amebeba mtoto wa miezi mitatu, anataka pasipoti ya mtoto huyo wamfuate baba. Cheti cha kuzaliwa alikuwa nacho, kipya, bado kinanuka wino. Nilidhani hii itakuwa nyepesi. Dada alikisoma kinyumenyume, akakilaza mezani kando ya kipande cha mama, akauliza kipande cha baba kiko wapi. Kiko na baba, na kopi alipiga kwa simu, haionekani vizuri.

"Mpigie, mamangu. Asome jina lake herufi moja moja, nami niandike."

Baba alikuwa kazini, simu hairuhusiwi hadi saa ya chakula. Mama akasema jina analijua, ni mumewe. Dada akamvutia kiti, akamwambia aketi amnyonyeshe mtoto, saa ya chakula haiko mbali.